Shimo Lisifukiwe

Siku ya tatu baada ya mkasa, maji yakiwa bado yamejaa shimoni, Don Heladio, mwenye mgodi, alishuka kwenye gari lake jeupe, akafuta miwani, akasema shimo lifukiwe.

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza lori lisogezwe pembeni. Nicandro alikuwa amesimama karibu, akasikia kila neno.

"Chini kuna maji, kuna gesi," Don Heladio aliwaambia wachimbaji. "Ulises hayupo tena. Nikituma mwingine, nitapata maiti mbili. Tutamwekea msalaba mzuri hapahapa."

Ulises alikuwa baba yake Rosendo, na Rosendo alikuwa rafiki wa Nicandro tangu wote wawili wakiwa na mapengo ya utotoni. Walikuwa na baiskeli moja waliyoshirikiana, na walikula mikate ya tortilla ya mama yeyote aliyekuwa karibu. Mwaka ule walitazamia kushuka shimoni pamoja, kama wavulana wote wa migodi ya makaa ya mawe ya Coahuila, na walikuwa wakibishana nani angelia kwanza.

"Utalia wewe, Kichwa," Rosendo alikuwa akimtania. "Kwanza hicho kichwa hakiingii kwenye pipa."

Ndani ya pipa ndimo wachimbaji walimoshukia, likining'inia kwenye kamba ya winchi, katika shimo jembamba lisilo na njia nyingine ya kutokea. Siku ya mkasa, maji yaliyotuama kwenye mgodi wa zamani uliotelekezwa yalipasua ukuta. Watu walipandishwa mbiombio. Ulises, aliyekuwa mbali kuliko wote, akabaki. Wenzake waliomba pampu kubwa siku ileile. Don Heladio alikuwa nayo, lakini ilikuwa inafanya kazi kwenye shimo lake jingine, na hakutaka makaa ya kule yasimame.

Sasa tingatinga lilinguruma. Aliyelikalia alikuwa Fermín, baba yake Nicandro.

Rosendo aliwapita watu. Alitembea hadi mdomoni mwa shimo, akaketi chini. Nicandro akamfuata.

"Umefuata nini?" Rosendo alimuuliza bila kumtazama. "Yule ni baba yako."

"Na aliye chini ni wako. Sogea, unanibana."

Tingatinga likaja likisukuma kifusi, likasimama hatua chache kutoka miguuni mwao.

"Nicandro! Toka hapo!"

"Sitoki, Baba."

"Nitashuka nikuchape mbele za watu!"

"Shuka basi! Ukishuka, hiyo mashine haitakuwa na mtu."

Mchimbaji mmoja aliguna. Fermín aliwatazama wale wavulana wawili waliokwisha kuota ndevu chache, kisha akamtazama mke wa Ulises aliyekuwa ameshikilia waya wa uzio. Alizima injini. Alishuka, akamtupia Don Heladio ufunguo.

"Fukia mwenyewe."

Don Heladio hakujua hata pa kukanyaga ili apande. Alitishia kuita polisi. Wanawake wakaketi barabarani kuzuia njia, na wanaume wakaenda na lori kuichukua ile pampu, bila ruhusa ya mtu.

Maji yalipopungua, walimkuta Ulises kwenye kichochoro kilichopanda juu, ambako maji hayakufika. Alikuwa ameegemea ukuta, amekufa. Buti zake alikuwa amezivua, akazipanga pamoja zikauke.

"Aliyekufa maji havui buti," alisema mchimbaji aliyempandisha.

Kila mtu akaelewa kwamba Ulises alikuwa amengoja. Rosendo alijikunja akatapika, na Nicandro akamshika paji la uso.

Kwenye mazishi Don Heladio alikuja na shada kubwa la maua. Akamwekea Rosendo mkono begani.

"Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu."

Rosendo aliutoa ule mkono. Nicandro ndiye aliyesema:

"Mungu hakukunyima pampu."

Watu wakageuka. Nicandro alijua kofi la baba yake lilivyo, akakaza shingo kulingoja. Fermín alisogea, akasimama ubavuni mwake.

"Mwambie tena," alisema. "Hajasikia vizuri."

Nicandro akarudia, safari hii kwa sauti ya kufika hadi lango la makaburi. Don Heladio akaondoka na shada lake.

Hakushtakiwa. Fermín ndiye aliyefukuzwa kazi, na hakuna mgodi uliomchukua tena. Akaanza kufuga mbuzi. Kabla mwaka haujaisha, Don Heladio alichimba shimo jingine ng'ambo ya reli, akatafuta wavulana wa kushusha. Asubuhi Nicandro na Rosendo walisimama njiani, wakamsimulia kila aliyekuja jinsi Ulises alivyoachwa. Wapo waliowatukana wakapita, maana nyumbani walikuwa na njaa. Wapo waliogeuza baiskeli zao, wakarudi walikotoka.