Nyumba ya Bwana Walter Kule Ureno

Mama Noémie Mwenze alikuwa amefundisha kushona na kupika pamoja na Mama Edith kwa miaka mingi pale misioni ya Wametodisti, Kamina, na hakuwahi kuchoka naye. Mwaka ule ndipo alipochoka.

Chanzo kilikuwa pensheni. Desturi ya misioni ilikuwa kwamba mmisionari akifika umri wa kupumzika, hufunga masanduku na kuondoka Zaire, apende asipende. Bwana Walter, mume wa Mama Edith, mtunza pampu za maji na magari ya misioni, alikuwa ameufikia umri huo. Amerika hawakutaka kurudi. Walitoka kule wakiwa vijana, wazazi walikwisha kufa, watoto hawakujaliwa, na kila likizo walirudi Kamina wakilalamika kwamba kule hata kununua mkate ni lazima upande gari. Basi wangehamia Ulaya. Mama Edith alitaka Ubelgiji, ambako walijifunza Kifaransa kabla ya kuletwa huku. Bwana Walter alitaka Ureno.

Kila mchana, masomo yakiisha, wazee hao wawili waliketi barazani na kumwita Mama Noémie awaamue.

“Mama Noémie, mwambie Bwana,” Mama Edith alianza. “Kireno hatujue hata neno moya.”

“Mama Noémie, mwambie Mama,” Bwana Walter alijibu. “Ku Ubelgiji mvua haikatike. Magoti yake itaoza.”

“Minyi sijue Ubelgiji, sijue Ureno,” Mama Noémie aliwaambia. “Hata Kinshasa sijafika. Mambo ya bantu ya nyumba moya, nitaikata namna gani?”

Waliitikia kwa adabu, wakamwongeza chai, wakaendelea. Alifika nyumbani jua likizama, sombe, yale majani ya muhogo, haijatwangwa, na mume wake Isaïe, karani wa shule, alimcheka.

“Beko na inchi tatu za kuchagua,” alisema, “na bado banalia.”

Siku moja Bwana Walter alikuja barazani na picha mkononi. Ilikuwa nyumba nyeupe juu ya kilima, na mchungwa mlangoni. Ilikuwa ya shangazi wa Teixeira, yule Mreno mwenye duka karibu na stesheni, aliyenyang’anywa duka lake wakati mali za wageni zilipogawiwa raia, kisha akarudishiwa. Shangazi alikufa, nyumba ikabaki tupu, na Teixeira alikuwa tayari kuwapangisha kwa bei ndogo.

“Nilishamuitikia,” alisema Bwana Walter.

Mama Edith alitua kikombe chake, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Kesho yake alikuja darasani macho yamevimba. Binti mmoja alikuwa ameleta kitenge kipya cha mama yake ili ashone blauzi. Mama Edith alikichukua kuonyesha jinsi ya kukata shingo, akapeleka mkasi mpaka katikati ya mgongo. Binti alilia. Mama Edith naye akalia. Mama Noémie alisimama kati ya vilio viwili na kitenge kilichoharibika mkononi, akaona kwamba imetosha.

Masomo yalipoisha alimshika Mama Edith mkono. “Twende ku duka.” Walipopita garaji ya misioni alimwita Bwana Walter pia. “Na weye. Lete ile picha yako.”

Dukani wake wawili wa wanajeshi kutoka Base, kambi ya jeshi, walikuwa wakichagua samaki wa chumvi. Teixeira alisimama nyuma ya meza, mfupi, na kipara kinachong’aa. Mama Noémie aliweka picha mbele yake.

“Patron, hii nyumba weye unaijua muzuri?”

“Nilizaliwa mule.”

“Kutoka ku njia ya motokari mpaka ku mulango, kuko eskalie?”

“Kuko.”

“Mingi?”

Teixeira alitazama dari kama mtu anayepanda ngazi. “Mingi, Mama.”

Mama Edith alishika goti lake bila kujua.

“Na hopitali?”

“Kwa motokari, saa mbili. Kama teluji haiko.”

“Teluji!” alisema Bwana Walter. “Uliniambia kuko jua!”

“Jua iko, Bwana. Na teluji iko. Ni mulima.”

“Bantu ya pale banasema Kifaransa?” Mama Noémie hakumwachia nafasi.

“Mwezi wa nane ndiyo, batoto bakirudia kutoka Ufaransa ku likizo. Miezi ingine, ni bibi bazee na kondoo.” Halafu Teixeira akacheka, si kwa ubaya. “Mama, kama pale palikuwa pazuri hivi, minyi ningekuya kuuzisha chumvi mu Kamina juu ya nini?”

Wake wa wanajeshi walicheka mpaka samaki mmoja akaanguka. Bwana Walter alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alichukua picha yake, akatoka.

Mama Noémie alidhani mambo yamekwisha: watakwenda Ubelgiji, naye ataenda kupika. Lakini walipofika kwenye reli, Bwana Walter alisimama.

“Miaka yote nimetengeneza pampu,” alisema taratibu. “Nilitaka kipande kiloko cha udongo. Nipande miti, niione ikizaa. Ku Ubelgiji tutakaa juu, mu ghorofa, tutaangalia bantu kwa dirisha.”

Mama Edith alimtazama. “Juu ya nini haukusema vile?”

“Nilisema Ureno.”

“Ulisema Ureno. Udongo haukusema!”

Mama Noémie nusura autupe mfuko wake chini. Miezi yote ile ya chai! Aliwaacha palepale, wakitazamana kama watu wanaokutana mara ya kwanza, akaenda zake kwa hasira.

Siku tatu baadaye Mama Edith alimjia darasani, uso umechangamka. Alikuwa amerudi kwa Teixeira peke yake.

“Tunaenda Ureno,” alisema.

“Mama Edith!”

“Lakini chini, mu muji. Iko nyumba bila eskalie, na lupango kiloko nyuma, Bwana apande miti yake. Hopitali, unaenda kwa miguu. Hatutauza kitu, hatutanunua kitu. Tutapanga mwaka moya, tuone. Ikitushinda, Ubelgiji haitakimbia.”

Mama Noémie alitafuta kosa katika maneno hayo, hakulipata, na jambo hilo nalo lilimuudhi. Aliudhika zaidi pale Mama Edith alipoanza kujifunza Kireno kwa Teixeira, kati ya magunia ya chumvi, akichelewa kila asubuhi, hata Mama Noémie akawa anafundisha madarasa mawili, sindano mdomoni.

Wiki ya mwisho, wakikunja mashuka, alimuuliza lile lililokuwa likimkaa rohoni.

“Moya wenu akikufa kule, nani atalia?”

Mama Edith alikunja shuka, akalikunja tena. “Utasikia habari,” alisema. “Utalia weye, huku.”

Mama Noémie alichukua shuka jingine ili asionekane uso.

Waliondoka na ndege ndogo ya misioni. Rubani alikataa sanduku la vyuma vya Bwana Walter, wakabishana uwanjani, mpaka Mama Noémie mwenyewe akalifungua na kuyapunguza makoleo. Ndege iliruka. Alirudi kwa miguu, amechoka, jioni hata kula hakula.

Mwaka wa pili, mmisionari kijana aliyekuwa amepita kwao Ureno njiani alimletea habari. Bwana Walter alikuwa ameshikwa na moyo, ghafla, akichimba shimo la mti. Walimfikisha hospitalini kwa kitoroli cha jirani, mbio, na akapona. Wiki nzima yule jirani, mjane ambaye walikuwa hawajazoeana naye, aliwapelekea supu asubuhi na jioni, akaketi na Mama Edith, wakishikana mikono.

Mama Noémie alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

“Mu ile uzee yake,” alisema, “nani alimutuma kuchimba?”