Maoni ya Mtaa wa Chini

Fomu ilikuwa na maswali matano. Daraja liwe la upinde au lililonyooka? Lipakwe rangi gani? Kingo za pembeni ziwe na urefu gani: hadi goti, hadi kiuno au hadi kifua? Taa ziwekwe wapi? Na la mwisho: kitu gani kingine ungependa kiwepo?

Msimamizi wa ofisi ya mipango alinikabidhi fomu themanini na saba, kidau cha wino wa dole gumba, na karatasi mbili zenye namba za nyumba. Nyumba arobaini na moja zilikuwa za Mtaa wa Juu, upande wetu. Arobaini na sita zilikuwa za Mtaa wa Chini, ng'ambo ya mto.

"Mama, sheria ni moja," aliniambia. "Usimpangie mtu jibu. Andika alivyosema, msomee, akikubali aweke dole. Akitaka kubadili, abadili kabla ya Ijumaa na aweke dole jingine pembeni. Basi."

"Na nyumba ikiwa haina mtu?"

"Andika hakuna mtu, uende zako." Alikuwa akipapasa meza kutafuta miwani, nayo iko kwenye paji la uso wake.

Mimi nilikuwa mgeni mjini, sina hata miezi miwili. Nilimfuata binti yangu, muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya ng'ambo. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na mumewe yuko safarini kikazi. Kwenda na kurudi alipita daraja la mbao la muda, na mbao zile zilicheza kama meno ya mzee. Kila alipovuka nilisimama ukingoni mwa mto nikimwomba Mungu, mpaka afike upande wa pili, penye matete marefu, na kunipungia mkono. Kwa hiyo sidhani kama mjini palikuwa na mtu aliyelitaka daraja jipya kuliko mimi.

Mtaa wa Juu niliumaliza kwa siku mbili, na nilicheka sana. Fundi viatu aliniambia, "Andika hivi: mimi nataka daraja ambalo wakwe zangu hawaruhusiwi kulipita." Nilipomsomea kama ilivyoandikwa, alishtuka. "Eh! Mama Maoni, umeandika kweli? Futa, mke wangu anajua kusoma!" Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alisema rangi yoyote ni sawa, maana baada ya mwaka mmoja litakuwa rangi ya vumbi tu. Kuhusu kingo, wengi walisema hadi kiuno.

Nilikwenda Mtaa wa Chini asubuhi tatu mfululizo. Kila nilipofika ukungu wa mto ulikuwa haujaondoka, na nyumba zilijitokeza moja moja, namba zikiwa zimeandikwa milangoni kwa chokaa. Watu hawakutoka nje. Walisimama ndani ya mlango, miguu mitupu, wakanisubiri. Sikusikia jogoo wala redio. Nilifikiri ni watu maskini walioonewa na kuchoka, nami watu wa namna hiyo nawajua, kwa hiyo niliwaamkia kwa adabu na kuwauliza polepole.

Hawakutania. Walijibu kana kwamba swali walilijua kabla sijalitoa.

Katika nyumba ya thelathini na moja palikuwa na bibi mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani. "Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini umefika. Kingo ziwe hadi goti. Pale nguzo ya tatu, katikati."

"Hadi goti, bibi? Watoto si wataanguka?"

Nikakumbuka sheria: usimpangie mtu jibu. Nikaandika.

"Taa?"

"Nguzo ya tatu pasiwe na taa."

"Na kitu kingine mngependa kiwepo?"

"Mtu apite peke yake. Tusisongamane."

Alipoweka dole, niliona alama yake ni duara tupu, bila mstari hata mmoja. Nilisema moyoni, huyu amefua nguo za watu maisha yake yote. Wote walikuwa hivyo.

Jumatano jioni niliketi mezani nyumbani kuhesabu majibu. Mwandiko wangu nimejifunza ukubwani, kwa hiyo naandika polepole na kusoma polepole, na pengine ndiyo sababu niliona. Fomu arobaini na sita zilisema neno moja. Kingo hadi goti kwenye nguzo ya tatu. Hapo pasiwe na taa. Mtu apite peke yake. Nikawaza njia ile: ni nyembamba, ni giza, ukuta wa pembeni unaishia gotini, na chini yake mto. Nikamtazama binti yangu akikanda miguu yake iliyovimba. Huyu ndiye angepita hapo peke yake, alfajiri, akitoka zamu.

"Mama, mbona umenyamaza?" aliuliza.

"Nahesabu."

"Mtaa gani huo wenye watu wengi hivyo?"

"Wa Chini. Si unaupita kila siku?"

Aliacha kukanda miguu. "Mama. Kati ya mto na zahanati hakuna mtaa. Ni matete matupu."

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Nilimwekea msimamizi fomu mezani na kumuuliza orodha ile aliitoa wapi.

"Kabatini," alisema. Kisha akaitazama karatasi ya pili, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyemeza chakula cha moto mbele ya wageni. Alinyanyuka, akafunga mlango.

Aliniambia kwa kifupi, akitazama dirishani. Miaka kumi na tisa iliyopita mto ulifurika na kuuchukua Mtaa wa Chini wote, pamoja na daraja la zamani. Nyumba hazikufutwa kwenye daftari kwa sababu kufuta nyumba kunahitaji ripoti, na ripoti haikuandikwa.

"Kwa nini haikuandikwa?"

"Mama, mambo ya zamani hayo."

"Basi hizi fomu zitupwe."

Alicheka kicheko kikavu. "Hesabu ya fomu themanini na saba nimeshaipeleka kwa wenye mradi jana. Nikisema arobaini na sita ni za nyumba ambazo hazipo, wataniuliza hazipo tangu lini, na mbona sijawahi kusema. Halafu mhandisi atapendezwa. Atasema kingo fupi katikati ni mtindo wa kisasa, watu wataona mto vizuri. Wengi wape, mama."

Aliishia hapo, lakini methali haikuishia hapo, na sote wawili tuliijua. Wengi wape, usipowapa, watapokonya wenyewe.

Nilipofika mlangoni nilimuuliza, "Kama unaamini fomu hizi nimezibuni mwenyewe, mbona hunifukuzi kazi?"

Alikuwa akitazama zile alama za dole.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilibakiwa na siku hiyo tu. Nilipiga magoti stoo, kati ya maboksi ya karatasi, nikamwomba Mungu aniondolee jambo hili. Sikusikia kitu. Nilipoinuka, kilichokuwa mkononi mwangu ni zile fomu na kidau cha wino, na sheria niliyopewa ilikuwa wazi: anayetaka kubadili, abadili kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo nilivuka.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, hakuna ukungu. Binti yangu alisema kweli. Palikuwa na matete, na kati ya matete misingi ya nyumba, mawe yaliyopangwa pembe nne, na hapa na pale kizingiti kimoja. Nilihesabu mpaka nikafika mahali pa thelathini na moja. Nikaketi chini nje ya kizingiti, maana sikuwa nimekaribishwa ndani, nikaanza kusoma fomu kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nilisoma zote arobaini na sita. Koo lilikauka.

"Kama kuna anayetaka kubadili," nilisema, "nipo."

Matete yalitulia, ingawa upepo ulikuwa ukivuma.

"Nina binti," nikasema. "Atapita hapo. Ana mimba."

Sauti ya bibi ilitoka nyuma yangu, upande wa ndani wa kizingiti. "Na wetu hawakuwa na mimba?"

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitakimbia, na nikikimbia sitarudi. Niliishika fomu mpaka ikakunjika.

"Bibi, nisamehe. Niliuliza mnataka nini. Sikuuliza kwa nini."

Bibi akasema, na wengine wakasema pamoja naye, kama watu wanaosali kwa kujibizana. Maji yalipokuja walikimbilia darajani ili wapande Mtaa wa Juu. Kwenye nguzo ya tatu palikuwa na geti. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ili uzito wa watu usiliangushe daraja. Kijana wa ofisi alisimama upande wa pili na ufunguo mkononi. Taa ziliwaka, waliuona ufunguo, na wale wa juu waliwaona wao. Walisongamana. Daraja lilipokatika, wengine walishika nguzo, lakini kingo zilikuwa ndefu kuliko mikono yao.

"Hadi goti," alisema bibi, "tungefikia."

Hapo nikaelewa kwamba hawakutaka mtu aanguke. Walitaka kupanda.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kufikiria nini kitafuata wakishapanda. Lakini binti yangu alikuwa mbele ya mawazo yangu yote, kama mama yeyote.

"Ngazi," nilisema. "Ngazi ya chuma, kutoka majini hadi juu, nguzo ya tatu. Kwa ngazi hamhitaji ukingo mfupi. Ukingo uwe hadi kifua, taa ziwake, binti yangu apite salama. Nanyi mpande."

"Geti?"

"Nitaandika pasiwe na geti. Popote."

Nikaandika. Nilibadili fomu zote arobaini na sita, jua likishuka, mkono ukifa ganzi. Kila nilipomaliza moja niliiweka kwenye kizingiti pamoja na wino na kuangalia pembeni. Nilipoichukua tena, palikuwa na duara jipya.

Msimamizi alizisoma Ijumaa asubuhi amesimama.

"Ngazi? Nani anataka ngazi kwenye daraja?"

"Wengi," nilisema.

"Ya nini?"

Ningeweza kusema ni ya wavuvi, au ya mafundi wa ukarabati. Lakini sipendi kusema uongo, hata mdogo. "Wanataka kupanda. Wanasema kijana wa ofisi alikuwa na ufunguo."

Miwani ilikuwa usoni pake safari hii. Aliivua, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Niliambiwa nisifungue," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliambiwa, mama."

"Basi andika hivyo. Andika ile ripoti. Wafutwe kwa heshima, na labda ngazi haitahitajika."

Alifungua droo, akatoa karatasi nyeupe, akaitazama muda ambao mtu angeweza kusali sala nzima. Niliisali. Kisha akairudisha karatasi kwenye droo, akavuta fomu, na kusaini zote, moja moja, kuidhinisha ngazi. Kwake hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Nami sikumzuia. Hilo nalikiri mbele za Mungu kila siku.

Daraja lilichukua mwaka na miezi minne. Mjukuu wangu alizaliwa, akatambaa, akasimama. Lilipokamilika lilikuwa zuri kweli, jeupe, la upinde, kingo hadi kifua, taa kumi na mbili. Watu walikuja kuitazama ngazi na kucheka. "Hii ya samaki wakitaka kwenda sokoni," alisema fundi viatu.

Lilifunguliwa alfajiri ya Jumatatu, bila sherehe, ili wafanyakazi wa zamu walitumie. Msimamizi alitakiwa awepo, lakini alituma ujumbe kwamba hajisikii vizuri, yuko nyumbani. Nyumba yake ni ya kwanza Mtaa wa Juu, ukishuka tu darajani.

Nilisimama upande wetu, mjukuu mgongoni. Nikamwona binti yangu akitoka ng'ambo na sare yake nyeupe, mkono mmoja juu ya ukingo. Alitembea vizuri, hakuyumba. Nilikuwa tayari namshukuru Mungu kwa sauti alipofika nguzo ya tatu.

Alisimama. Akasogea pembeni, mgongo kwenye ukingo, kama tunavyofanya tunapompisha mtu mzima. Akainamisha kichwa kidogo, midomo ikasema shikamoo. Akabaki hapohapo. Akainamisha kichwa tena. Na tena. Nilihesabu bila kutaka. Mahali aliposalimia palikuwa patupu, ila mjukuu wangu aliacha kucheza na nywele zangu, akatulia kabisa, akifuata kwa macho kitu kilichokuwa kikija kwetu.

Alipoinamisha kichwa mara ya arobaini na sita alikuja kwangu karibu akimbie, hana jeraha, hana tone la maji.

"Mama," alisema, "wale wazee wanakwenda wapi wote asubuhi hii?"

Nyuma yetu, kwenye nyumba ya kwanza, mtu alibisha hodi. Kutoka ndani hakuna aliyesema karibu. Hodi ikarudiwa, kwa adabu, na mikono mingi zaidi.

Nilimvuta binti yangu kwa mkono, tukapita pembeni ya barabara, tukawaachia njia.