Mzee Mapembe Akamatwa kwa Haki

Jumapili saa tisa alasiri, Amos alifagia vumbi la mbao, akasogeza randa pembeni, akatandika juu ya benchi lake la useremala ramani aliyoichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Karakana iko Soweto, Mbeya, na mbao zake hutoka Mafinga. Dadu ya pande ishirini aliichonga mwenyewe kwa masalia ya msonobari. Yeye ndiye msimulizi wa mchezo: huwaambia wenzake wamefika wapi na wamekutana na nani, wao husema watafanya nini, kisha dadu inaamua. Wachezaji ni wawili, Asukile na Nyamizi, na adui ni mmoja, Mzee Mapembe, mwizi wa ng'ombe.

Mapembe alikwisha kutoroka mara nne. Kila walipombana, Amos alimwonea huruma, maana alimpenda kama fundi anavyopenda kabati lake la kwanza, akasema tu kwamba ukungu umeshuka, au kumbe kulikuwa na mlango wa nyuma. Hapo Mapembe alishuka kutoka kwenye ramani, akajikung'uta vumbi, akavaa kofia na kwenda zake Iyunga kudandia lori. Asukile alikuwa akimsogezea kiti apite. Jumapili iliyofuata alikutwa tena kwenye ramani, kanenepa kidogo.

Nyamizi hakuona ubaya mtu kutoka kwenye karatasi. Kilichomchoma ni dhuluma. Mapembe alitengenezwa kwa maneno yake mwenyewe: siku moja alimsimulia Amos juu ya mzee aliyekuja kwao Usangu na karatasi yenye mhuri, akaswaga ng'ombe thelathini na mmoja wa baba yake, wala hajaulizwa na mtu mpaka leo. Baba alikufa akilitazama zizi. Nyamizi alitaka kumkamata mzee huyo hata mara moja, hata mchezoni, amuulize ng'ombe wako wapi.

"Kutoroka atoroke," alimwambia Amos, "ila arushe dadu kama sisi. Wewe unambeba, kaka."

"Tena unambeba mgongoni," Asukile akadakia.

Amos aliona aibu. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao mbele yao: njia ya kutorokea ni moja, kivukoni, Mapembe akipata kumi na tano kwenda juu, amekwenda; chini ya hapo, amekamatwa. Ukungu hakuna. Wakakubaliana, mchezo ukaanza, na kabla chai haijapoa wakawa wamembana kivukoni. Dadu ikabingirika hadi ukingoni mwa benchi, ikasimama. Tatu.

"Siku za mwizi arobaini!" Asukile akapiga benchi.

Mzee Mapembe alishuka akiwa amefungwa kamba, suruali imelowa hadi magotini. Hakubisha. Alisema haki imetendeka, akampongeza Amos kwa uandishi mzuri. Ncha ya kamba ilikuwa mikononi mwa Nyamizi. Kwa furaha akafungua kinywa aulize.

"Kwenu watoto hawaamkii wakubwa?" mzee alimtangulia, kwa upole.

Magoti ya Nyamizi yakashuka kwenye vumbi la mbao. Mikono yake miwili ikakutana kifuani, kama mama yake alivyomfundisha tangu hajang'oa meno ya utoto, kwamba humwamkii mkubwa umeshika kitu. Kamba ikaanguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe wazima?"

Nyamizi alishtuka. Alitamani kupiga kelele, na kwa sauti ileile ya adabu akajisikia akijibu, "Wazima, baba."

"Vizuri," alisema Mapembe. Akajifungua, akaikunja kamba, akaiweka juu ya benchi na kutoka.

Amos aliusoma ubao mara mbili. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Nyamizi alikuwa bado amepiga magoti, akingoja, kama ilivyo desturi, mkubwa afike mbali ndipo ainuke.