Sindano ya Kwenye Gumba

Mimi nikiogopa, nacheka. Ndivyo nilivyoumbwa, na asubuhi ile nilianza kucheka tangu getini. Daktari wa masikio alikuwa ameniambia kizunguzungu changu hakimpi amani, nipigwe picha ya kichwa kwenye ile mashine ya sumaku wanayoiita MRI, aone kama kuna kitu kimeota nyuma ya sikio. Nikamwuliza kitu gani. Akasema tuone kwanza. Hilo "tuone kwanza" nililala nalo wiki sita nikisubiri zamu yangu.

Mume wangu alinisindikiza. Dada wa kipimo alinipa gauni la kufungia mgongoni na kibakuli cha plastiki. "Mama, kila chenye chuma weka humu. Sumaku ile haina mchezo."

Sasa mimi ni fundi cherehani. Niliweka hereni, nikaweka bangili, nikaweka sidiria yenye waya. Nikadhani nimemaliza, kumbe kuna pini tatu kwenye ukosi wa blauzi, nyingine kwenye upindo wa sketi, na sindano ya mkono imejichomeka kwenye kilemba na uzi wake mwekundu. Dada akakitazama kibakuli, akanitazama na mimi.

"Mama, umekuja kupimwa au kufungua duka?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kizunguzungu nacho hakikutaka kupitwa, kikaja.

Nilipokwishavaa gauni tukaketi mezani kwake, mimi na mume wangu, atujazie fomu. Kifaa cha moyo? Sina. Upasuaji? Sijawahi. Sindano mwilini?

"Nimechomwa juzi tu," nikasema, "ya kichefuchefu."

"Siyo hiyo, mama. Sindano ya chuma, iliyobakia ndani."

"Hakuna."

"Ipo," akasema mume wangu. "Kwenye gumba la kulia. Mwaka wa tisa huu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukweli ni kwamba miaka tisa nyuma cherehani ilinitoboa gumba na sindano ikakatika humo. Zahanati waliitoa siku hiyohiyo. Lakini nilipofika nyumbani na bandeji yangu nikakuta sinki limejaa masufuria, mdomo ukanitangulia. Nikasema kipande kimebaki, na nikiloweka mkono kitatembea mpaka moyoni. Nilinuia kusema kweli baada ya wiki. Wiki ikazaa mwezi, na yule mwanamume anasugua sufuria mpaka unaona uso wako ndani yake, sasa ningeanzia wapi?

Dada akafunga faili. "Bila eksirei ya hilo gumba haingii mtu. Ikionekana ipo, leo hakuna kipimo. Tutawapangia tena baada ya miezi miwili."

Miezi miwili. Kicheko kilinitoka chenyewe, chembamba, wala hakikuwa cha furaha.

Eksirei ilikuwa mlango wa tatu kwenye ukumbi uleule. Gumba likapigwa picha, tukaambiwa tukae kwenye benchi tusubiri. Nikajua picha ikitoka nimeumbuka, bora niseme mwenyewe.

"Mzee, hiyo picha haitakuwa na sindano."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba hakuna sindano. Mwezi uleule nilienda zahanati kumwuliza daktari kama kweli itafika moyoni, maana nilikuwa silali. Alicheka sana. Akasema aliitoa kwa mkono wake, akaitupa."

"Na masufuria yote yale?"

"Ulikuwa unachoka." Akajikuna goti. "Halafu mimi napenda maji ya moto."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa pembeni akasogea. Kisha nikakumbuka jambo, kicheko kikakata.

"Kama ulijua, mbona umemwambia dada wa watu kwamba ipo?"

Akatazama viatu vyake.

"Nilitaka watukatalie," akasema. "Turudi nyumbani. Wasipotazama, hakuna watakachokiona."

Nilimpenda pale kwenye benchi mpaka nikamkasirikia. Nikamwambia mimi na hilo "tuone kwanza" tumelala kitanda kimoja vya kutosha, siliongezei miezi miwili. Ninaingia leo. Na yeye anaingia na mimi.

Picha ikatoka safi. Dada akasema msindikizaji anaruhusiwa, ili mradi naye ajibu maswali yaleyale na aache kila chenye chuma. Akatoa funguo, akatoa saa, akavua mkanda. Suruali ikaanza kuteremka. Akaingia ameishikilia kwa mkono mmoja, heshima yote imebaki kwenye kibakuli.

Nikalazwa, nikazibwa masikio, nikafunikwa uso kwa kitu kama kimia kigumu. Kitanda kikaniingiza, miguu ikabaki nje, na mume wangu akaushika mmoja. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi kumi wanaezeka bati. Nikafumba macho. Nilikuwa naogopa kweli, naapa, lakini nilitulia tuli.

Kelele zikakoma. Sauti ya dada ikatoka kwenye spika. "Mama, mguu unatikisika. Picha itaharibika."

"Siyo mimi," nikasema. "Ni huyo aliyeushika."

Halafu nikasikia suruali ikianguka sakafuni, na mguu wangu ukashikwa kwa mikono miwili.