Msusi Kwenye Mitambo

Wateja walimwita Vidole, kwa sababu akikushika kichwa asubuhi, mchana unatoka na misuko ambayo kwa msusi mwingine ingekulaza hapohapo saluni. Mwenye saluni aliijua thamani yake. Ndiyo maana, siku redio ya ukutani ilipokata roho, hakumkatalia alipoomba kupiga muziki kwa simu. Vidole akaiunganisha simu na kispika kidogo kilichokaa katikati ya makopo ya mafuta, akachagua nyimbo za kumchangamsha mteja, akarudi kwenye kichwa cha watu.

Ilikuwa bahati tu. Wimbo mmoja uliishia kwa ngoma tupu, na kabla haujakatika vizuri, wa pili ukaanza kwa ngoma ya mwendo uleule. Mteja kitini alikuwa akigonga sakafu kwa mguu. Mguu ule haukusimama; uliendelea kana kwamba wimbo ni mmoja. Kule kwenye mashine ya kukaushia nywele, mama aliyekuwa akisinzia akaanza kutikisa mabega, macho bado yamefumba. Mwenye saluni mwenyewe, mtu asiyecheka na yeyote kabla ya chai, akajikuta anaimba.

Vidole alibaki ameshika fungu la nywele hewani, mwili unamsisimka. Alitaka jambo lile litokee tena, na safari hii litokee kwa mkono wake.

Jioni hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na meza ya kutengeneza simu pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji alianza kwa utani, kama ilivyo ada yao: akamuuliza kama amechoka na vichwa vya watu, sasa anaitaka na miguu yao. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka bisibisi chini. Mitambo anayoiona kwenye kumbi za harusi, alimwambia, asiiote kwanza, maana kwa bei yake unapata pikipiki. Lakini kila wimbo una mwendo wake, na kazi ya DJ ni kuzifanya nyimbo mbili zitembee hatua moja, kisha kuupunguza huu taratibu huku ule unapanda.

"Ni kama kumkabidhi mwenzio mtoto aliyelala," alisema. "Ukimwachia kabla hajashikwa vizuri, anaamka, na nyumba nzima inajua."

Akainama chini ya meza, akatoa kompyuta yake ya zamani. Vitufe kadhaa vilikuwa vimeng'oka kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na betri ilikufa zamani, kwa hiyo haikuwaka bila kuchomekwa ukutani. Ndani yake akaweka programu ya bure ya kuchanganya muziki. Ukitaka cha mvunguni, shemeji, alimwambia, sharti uiname.

Vidole akainama kweli. Mahali pekee nyumbani penye soketi karibu na meza palikuwa jikoni, na jikoni palikuwa na mwenyewe: mama mkwe. Bibi yule alikuwa na sheria zake. Sufuria hazigongani, mlango haubamizwi, na mtu haingizi mguu yeye anapopepeta mchele. Vidole alipoingia na kompyuta na kispika, alitazamwa kama mtu aliyeleta mbuzi sebuleni. Lakini hakufukuzwa. Akakaa pembeni, akaanza.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Nyimbo zilipandana kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja. Mumewe, fundi bomba, alikuwa akirudi kutoka kazini, anasikiliza kidogo, kisha anajiendea kuoga. Mama mkwe yeye hakunyamaza.

"Hapo umenikwaza," alisema siku moja, mgongo umegeuka, mikono imo kwenye unga.

Vidole akadhani amemgusa kwa kiti. Kumbe bibi alikuwa akikanda kwa kufuata muziki, na wimbo wa pili ulipoingia vibaya, mikono yake ilipotea njia. Kuanzia jioni ile Vidole akawa na mwalimu. Hakuutazama tena mstari wa mawimbi kwenye kioo cha kompyuta peke yake. Alitazama na mabega ya mama mkwe. Yakiyumba, anarudia. Yakitiririka, anasonga mbele. Na jioni moja, nyimbo zikapokezana hadi unga ukawa laini kupita kiasi, ndipo mama mkwe akageuka, paji la uso linang'aa kwa jasho, akauliza, "Umebadilisha saa ngapi?"

Vidole alicheka mpaka akashika mbavu. Alitoka nje, akazunguka nyumba mbio kama mtoto, akarudi ndani.

Baada ya hapo kitamu kikazidi utamu. Shemeji alisikia kuwa DJ mmoja anauza mtambo wake mdogo kwa sababu amepata mkubwa. Gurudumu la kushoto, la kuzungushia wimbo, lilinata kwa soda iliyomwagika, na kwa hiyo bei ikawa ya kuzungumzika. Hata hivyo Vidole hakununua kwa macho. Aliomba mtambo uchomekwe, akagusa kila kitufe, akapandisha na kushusha kila swichi, mpaka muuzaji akamuuliza kama ananunua au anapima homa. Ulipofika nyumbani, shemeji aliufungua, akausafisha kwa spiriti na mswaki, gurudumu likateleza kama jipya. Mumewe, bila kuombwa, akaunga vipande vya bomba vilivyobaki kazini akapata miguu minne, juu yake akafunga ubao. Meza ikasimama imara. Alipomaliza aliigonga kwa kiganja, akasema DJ asiyekuwa na meza ni mchuuzi tu wa kelele. Vidole akajua mume naye ameshaingia timu.

Hedifoni zilipatikana sokoni kwenye rundo la mitumba, upande mmoja mzima, mwingine bubu. Shemeji akamwambia zinatosha, maana sikio moja ni la hedifoni na jingine ni la ukumbi.

Kazi ya kwanza ilimjia kwa mlango wa kazi yake ya siku zote. Alikuwa akimsuka muuguzi mmoja aliyekuwa analalamika: mkuu wao wa wodi anastaafu, wameunda kamati, wana ukumbi wa chakula wa hospitali na spika zake, lakini ma-DJ wote waliowauliza wametaja bei za kuozesha binti wa mfalme.

"Nitapiga mimi," Vidole akasema.

Ulimi ulikuwa umemtangulia. Muuguzi aligeuza shingo, msuko ukamponyoka Vidole mkononi. Wakatazamana kwenye kioo. Kisha muuguzi akasema, haya, Jumamosi mchana.

Wiki ile Vidole hakula vizuri. Si kwa hofu peke yake. Furaha nayo ilikuwa imemshibisha. Alikwenda kuuona ukumbi mapema, akakagua soketi zilipo na waya gani utaingia kwenye spika zao. Alimdodosa muuguzi: mstaafu alicheza nini ujanani, wahudumu vijana wanapenda nini, nani akinyanyuka wengine humfuata. Akapanga nyimbo kwa mafungu, za kulia chakula, za kunyanyua wazee, za kuwasha moto, na nyingine akaziweka kwenye simu, kwa tahadhari tu.

Jumamosi ikafika. Mume alibeba meza, shemeji kompyuta, na mama mkwe, ambaye hakualikwa na mtu, alivaa gauni lake zuri akasema kuna nguo lazima zitembezwe. Vidole akaanza chinichini wakati watu wanakula. Vijiko vikagonga sahani, watu wakaongea, hakuna aliyemjali. Kisha akaingiza wimbo wa zamani alioambiwa. Mstaafu, mama mrefu mwenye miwani, akaacha uma hewani. Akainuka. Akaja katikati peke yake, mikono imeinuliwa, na nyuma yake viti vikaanza kuburuzwa ukumbi mzima.

Vidole akaunganisha wa pili. Hakuna aliyekwazika. Wa tatu ukaingia kama maji yanavyoingia kwenye maji. Wauguzi walivua viatu. Daktari mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji akavutwa mkono akaingia. Vidole alikuwa anacheka peke yake nyuma ya meza, mikono inakimbia, sikio moja humu, jingine kule, na moyo umejaa hadi pomoni.

Kamba hukatikia pabovu. Mchezaji mmoja alirudi nyuma kwa madaha, kisigino kikanasa waya, plagi ikatoka ukutani. Kompyuta isiyo na betri ikazima, mtambo nao ukazima, na kimya kikaanguka ukumbini kama sahani.

Nyuso zote zikageuka. Kompyuta ile ilihitaji muda mrefu kuwaka, na watu wakirudi vitini, kuwanyanyua tena ni kazi nyingine. Vidole hakungoja. Alitoka nyuma ya meza hadi katikati, akainua mikono juu ya kichwa, akapiga makofi kwa mwendo uleule wa wimbo uliokatika. Kwa muda alipiga peke yake. Halafu mama mkwe akadakia, kisha mstaafu, kisha ukumbi mzima, na mstaafu akauanzisha mwenyewe ule ubeti wa kuitikia, wenzake wakaupokea kwa sauti zilizozoea kuitana kutoka mwisho hadi mwisho wa wodi.

Vidole akarudi mbio. Akachomoa hedifoni kwenye mtambo, akazichomeka kwenye simu, akatafuta wimbo wenye mwendo wa makofi. Wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili ulikimbia. Wa tatu ukakaa. Akaihamishia simu kwenye waya wa spika, akahesabu kwa kichwa, akabonyeza.

Ngoma ikaangukia juu ya kofi.

Kelele iliyopigwa ilimfanya mpishi atoke jikoni na mwiko. Wengi walidhani yote yalipangwa, na Vidole hakuona sababu ya kuwasahihisha. Simu ilipiga hadi kompyuta ikawaka, na kuanzia hapo mumewe alichuchumaa kando ya ukuta, amekumbatia plagi kwa mikono miwili kama mtu anayemlinda kifaranga, akikataa katakata kuinuka hata kwa sahani ya chakula.

Jua lilipoelekea kuzama, mstaafu alikuja mezani anahema, viatu mkononi. Alimwambia Vidole kwamba mguu mmoja ulikuwa ukimuuma tangu mwaka jana, na leo amesahau ni upi. Nyuma yake wanawake wawili walisubiri namba ya simu.

Saluni hakuiacha. Alipatana tu na mwenye saluni kwamba Jumamosi atoke mchana, na mwenye saluni akakubali kwa sharti kwamba muziki wa harusi ya bintiye usilipiwe. Malipo ya kwanza yalikwenda kwenye betri mpya. Kazi ya pili ilikuwa sherehe ya mtoto wa mmoja wa wale wanawake. Wageni walikuwa watoto watupu, hawakujali nyimbo zimeunganaje, walitaka wimbo mmoja tu, na ukiisha, uanze tena. Vidole aliurudia mpaka mama mwenye nyumba akamwomba msamaha kwa ajili yao. Alimwambia asijali, kisha akauanzisha upya, akatoka nyuma ya meza, akaenda kuruka nao.