Ufunguo wa Namba Arobaini

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, bibi wa namba arobaini kwenye orodha ya wanaosubiri alikuja ofisini kwetu kuulizia nyumba ya serikali ya bei nafuu. Nilimjibu, "Subira yavuta heri, bibi," mpaka akafa.

Mwezi huu zamu yake ikafika. Kanuni yetu ya kijinga hairuhusu kuruka namba, hata ya marehemu: ufunguo wa nyumba lazima umngoje mwenyewe kwenye kaunta siku saba. Siku ya saba nikakuta ufunguo haupo, na daftarini kuna alama ya dole gumba mbele ya jina lake, wino haujakauka.

Nikaenda kwenye nyumba aliyopangiwa, nikapanda ghorofani nikifoka. Nani ananichezea? Mlango ulikuwa wazi, sakafu imefagiwa.

Sauti ya bibi ikaniita kutoka ndani: "Ulisema kweli, mjukuu wangu. Ingia. Wote tuliokufa tukisubiri tumo humu, na wewe tumekuwekea nafasi."