Siku Nilipokuwa Mwenyekiti

Kijiji chetu kiko nyuma ya Mvumi, ukishaipita hospitali na kuanza kujuta kwa nini umekuja. Jina lake nalibana, maana mwenyekiti bado yu hai, na mimi pia bado kidogo.

Wanafunzi wa chuo walishushwa kwetu mwezi wa tisa, jua likiwa limeshaua kila kitu isipokuwa nzi. Walivaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni RAIA MWEMA. Nikamwuliza mmoja wao, sisi tusio na fulana ni raia gani? Alidhani naomba fulana. Na kweli nilikuwa naomba.

Walikuja kwa mafunzo ya uraia na kujitolea. Asubuhi walipaka chokaa madarasa ya shule, jioni wakakaa na wananchi kutufundisha haki zetu, na usiku walilala kwa wenyeji. Mimi nilipewa Brightness, binti wa Moshi, mrefu, mpole, mwepesi wa kusikitika. Nilimwita Braiti, lile jina lote lingenimaliza meno yaliyobaki. Siku ya kwanza nikampa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ukamteleza vidoleni ukarudi bakulini. Akaufuata, ukateleza tena.

"Bibi, huu unashikwaje?"

"Haushikwi, mjukuu wangu. Unaviziwa."

Kesho yake nikamchukua twende korongoni kuteka maji. Korongo letu ni mto wa wiki chache tu, mvua ikinyesha milimani. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na maji yamejificha chini yake. Kila nyumba inachimba kisima chake mle mchangani na kukizungushia miiba ng'ombe wasikiharibu. Unapiga magoti, unachota kwa kata, maji yakiisha unasubiri yajikusanye tena, na huko kusubiri ndiko habari zote za kijiji zinakozaliwa. Pampu ya mashine tunayo. Iko pale shuleni, imekufa, ndege wamejenga ndani yake na wanaonekana kuridhika na huduma.

Nikamwonyesha Braiti alama za matairi ukingoni.

"Hao ni watu wa mchanga," nikamwambia. "Dodoma inajengwa, wanataka mchanga. Mwenyekiti wetu Lameck ameshawaleta wakapima. Wiki hii kuna mkutano wa kijiji kuwakubalia."

"Na mchanga ukiisha, maji?"

"Mchanga ndiyo sufuria yenyewe, Braiti. Ukiibeba sufuria utapika wapi?"

Nikamweleza na yangu. Kisima changu kiko karibu na nyumba, ndiyo maana bado naishi peke yangu kama malkia. Kikifa, miguu hii hainifikishi kwenye maji mengine. Itanibidi nihamie Ihumwa, pembeni ya Dodoma mjini, kwa mwanangu Eliakimu, kwenye chumba nyuma ya baa, na mke ambaye hanipendi. Simlaumu mke. Namfahamu mama mkwe wake.

Braiti hakucheka. Akaweka ndoo chini. "Lakini bibi, sheria iko wazi. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka. Wakazi mkikataa, imekataliwa. Hawezi mtu mmoja."

Alisema vile kama mtu anayekukumbusha kwamba kuna kiporo kabatini ulikisahau. Nikaona aibu kumwambia kabati lenyewe halipo.

Jioni ile, kijiji kikiwa kimekaa kwenye mafunzo, akamweleza mkufunzi wao, Bwana Erick, kijana mwenye miwani na sauti ya redio. Erick akafurahi sana. Akasema hiyo ndiyo fursa, tufanye igizo! Tuigize mkutano wa kijiji kabla ya mkutano wenyewe, ili wananchi wazoee kusema. Akatafuta wa kuwa mwenyekiti. Watu wote wakanyoosha vidole kwangu, maana toka ujana kazi yangu kijijini ni moja, kuwaigiza watu hadi wakasirike.

Na Lameck alikuwepo. Atakosaje kuwepo? Wageni hawakai kijijini bila mwenyekiti. Alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, akaletewa soda. Mimi nikaomba koti lake. Akalivua mwenyewe, akanivalisha, akisema, "Karibu ofisini, mama."

Jamani, nilikuwa mwenyekiti! Nilisukuma mbele tumbo nisilokuwa nalo. Nikakohoa kile kikohozi chake cha kabla ya uongo. Nikasema, "Ndugu wananchi, maendeleo hayaji bila, bila, bila..." kama anavyokwama yeye, watu wakaangukiana. Nikawatangazia kwamba nimeuza mchanga, na kesho nauza vumbi, na keshokutwa nitauza kivuli cha zahanati, kwa kuwa zahanati yenyewe hatuna.

Erick akapaza sauti, "Wananchi, hapa hakuna kosa! Semeni yote yaliyo moyoni!"

Wakasema. Sijawahi kusikia kijiji chetu kikisema namna ile. Devota, mjane, ambaye hata kanisani anaimba kwa midomo tu, alisimama akanielekezea kidole. "Mwenyekiti, maji ya korongo yalilea watoto wangu baba yao alipokufa. Wewe ulileta nini? Tuonyeshe mkataba! Sisi hatukubali!" Gideoni, mchunga mbuzi, akasema mifugo itakunywa wapi, akauliza waliopima walilipa nani, akasema atalala mbele ya tipa la kwanza litakalokuja kubeba mchanga. Wakapiga kura ya kukataa, mikono ikajaa hewani. Kisha wakanipigia na mimi kura ya kuniondoa, nikaondolewa kwa vigelegele. Nilikataa kuvua koti hadi nikabebwa.

Braiti alikuwa analia kwa furaha. Mwanafunzi mwenzake mmoja, Wambura, alirekodi yote kwenye simu.

Na Lameck ndiye aliyecheka kuliko sote. Alipiga makofi, akafuta machozi, akamwambia Wambura, "Kijana, nitumie na mimi hiyo video. Nikacheke na familia."

Akatumiwa palepale.

Siku iliyofuata Lameck alitembea. Nilimwona kwa macho yangu toka mlangoni, kofia mkononi, taratibu, kama mtu anayetoa pole. Aliingia kwa Devota. Alipotoka, Devota alimsindikiza hadi njiani. Baadaye nikasikia kijana wa Devota, ambaye amemaliza kidato cha nne na kukaa tu, amepata kazi. Atasimama korongoni kuhesabu matipa.

Akaenda kwa Gideoni. Huko hakupeleka kazi. Alimkumbusha tu, kwa upole, kwamba mbuzi wake walikamatwa ndani ya msitu wa hifadhi mwaka jana, na kwamba ni yeye Lameck aliyewaomba wakubwa wanyamaze, na wakubwa wana tabia ya kukumbuka. Gideoni mwenyewe aliniambia, akiangalia pembeni.

Nyumba kwa nyumba. Hakukosea hata moja. Angekoseaje? Alikuwa na video.

Nikajua na kwangu atakuja. Nikafagia uwanja. Nikaweka kigoda nje. Nikaandaa la kumwambia, nikalipanga vizuri, lilikuwa na matusi matatu yasiyofutika. Nilimwambia Braiti, "Leo utaona mtu mzima anavyotolewa uani kwangu." Tukangoja. Jua likageuka, vivuli vikarefuka, na Lameck akapita na njia yake, akanipungia mkono.

"Shikamoo mwenyekiti!" akaita.

"Marahaba," nikajibu. Matusi yakabaki kinywani yamepoa kama uji. Nilikasirika, niseme ukweli. Yaani mimi, niliyemwigiza hadi kikohozi, sistahili hata kutishwa?

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, mbele ya yale madarasa yaliyong'aa kwa chokaa mpya. Wanafunzi walikaa nyuma na fulana zao, maana walikuja kujifunza kwa kutazama. Lameck akakohoa. Mtu mmoja akacheka kidogo, akajibana. Akaeleza habari ya mchanga, kwamba kijiji kitapata madawati na pengine pampu itatengenezwa. Akauliza, "Kuna mwenye hoja?"

Devota alikuwa anaangalia kanga yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Gideoni alikuwa anachora kwa fimbo chini. Nikawasikia hata wale ndege ndani ya pampu.

Braiti akasimama. "Samahani, mwenyekiti. Juzi wananchi hawa walisema..."

"Karibu, binti yangu," Lameck akamkatiza kwa sauti tamu. "Wewe ni mkazi wa kijiji hiki?"

"Hapana, lakini..."

"Ni ninyi wenyewe mliotufundisha, na tunawashukuru. Mwenye haki ya kusema na kupiga kura kwenye mkutano mkuu ni mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane. Au nimekosea, mwalimu?"

Erick akavua miwani akaifuta. "Hujakosea," akasema.

Braiti akakaa. Siku zote zile walitufundisha, na katika kijiji kizima aliyefaulu ni mmoja tu.

Basi nikasimama mimi. Mkazi, nimeshapita kumi na minane kitambo. Nikajiegemeza kwenye fimbo yangu. Nilikuwa na maneno ya kweli, siyo ya mchezo. Nikasema, "Lameck, mimi nilimshika mama yako mkono siku anakuzaa. Maji yaliyokuogesha yalitoka mchanga ule."

Akanyoosha mikono yote miwili. "Jamani, tulieni! Mwenyekiti mwenzangu anaongea!"

Watu wakapasuka. Walikuwa wamejibana na hofu yao tangu mwanzo, na sasa wakapata pa kuitolea. Walicheka wakainama.

"Sitanii," nikasema. "Mkiwapa mchanga huu mtakunywa nini? Nisikilizeni."

"Vaa koti kwanza, bibi!" mmoja akapiga kelele toka nyuma.

"Bila, bila, bila!" akadakia mwingine, ile sauti yangu ya juzi.

Nikasema sina pengine pa kwenda. Wakacheka. Nikasema naomba. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliomba kitu kwa mtu, na nilivyosema naomba nilisikia sauti yangu ikivunjika, na kule kuvunjika wakakuona ndiko utamu wenyewe. Devota alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na sijui hadi leo ni machozi ya aina gani. Nikaangalia nyuso zote zile nilizozichekesha miaka yote, nikitafuta hata mmoja aliyenisikia. Nikamwona Braiti peke yake hacheki. Yeye siyo mkazi.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Lameck hakuja kwangu. Angekuja kufanya nini?

Nikakaa. Wakapiga kura. Mikono ikanyooshwa, siyo kwa kasi, lakini ikanyooshwa.

Wanafunzi waliondoka kesho yake. Braiti alinikumbatia, akaniachia fulana yake. Nikamwambia, "Nenda mjukuu wangu. Ukifika chuoni waambie igizo lilikuwa zuri sana."

Matipa yalikuja kabla ya mvua. Yalianzia kwa chini, yakapanda, yakafika kwenye miiba yangu. Dereva alishuka akaniamkia, akaiondoa miiba kwa adabu, mmoja mmoja. Pampu haijatengenezwa. Kijana wa Devota alihesabu hadi wakafika kwenye mwamba, kisha hakukuwa na cha kuhesabu, akarudi kukaa. Devota sasa anateka mbali, anaondoka alfajiri. Gideoni aliuza mbuzi.

Mimi niko Ihumwa. Chumba ni kilekile nilichokisema, baa ni ileile, na mke wa Eliakimu ananipimia maji ya kuoga kwa jagi. Mchana nakaa nje, nimevaa fulana ya RAIA MWEMA, wapita njia wananisalimia kwa heshima wakidhani nina cheo. Watoto wa jirani wameshasikia kwamba bibi huyu anachekesha. Huja kuniambia, "Bibi, tuigizie mtu." Nawaambia nimesahau.

Wiki iliyopita tipa lilimwaga mchanga uani, maana Eliakimu anaongeza chumba. Nikamwuliza dereva wameutoa wapi.

"Huko nyuma ya Mvumi, bibi. Ila umeisha. Huu ni wa mwisho mwisho, tulikuwa tumeuweka akiba."

Alipoondoka nikauendea. Mweupe, laini. Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa mikono, kama ninavyochimba siku zote, katikati, ukiutoa wa juu na kuusukuma pembeni usikurudie. Watoto wakakusanyika wakaanza kucheka. Bibi ameanza! Nikachimba hadi mkono ukazama kiwikoni, nikagusa ardhi ya uani kwa Eliakimu. Kavu.

Watoto walikuwa bado wanacheka. Nikaendelea kukaa pale na mkono wangu ndani, nikisubiri, kama ninavyosubiri siku zote.